Mizinga Kumi na Miwili ya Thadeo

Bwana Nyuki, yule afisa wa nyuki wa wilaya, alipiga magoti mbele ya mzinga wa tatu, akaokota nyuki aliyekuwa akitambaa kwenye majani makavu, akamweka kiganjani. Nyuki yule alijaribu kuruka, akaanguka ubavu. Mabawa yalikuwa yametanuka ovyo, hili huku na lile kule, na miguu ya nyuma alikuwa akiiburuta. Thadeo alisimama nyuma ya kijana huyo, mikono kaikunja kifuani, akimwomba Mungu asiulizwe kitu.

Aliulizwa papo hapo.

"Mzee, wameanza lini kutambaa namna hii?"

"Ina siku tano, sita hivi," alijibu Thadeo.

Hapo hakusema uongo. Ila alijua zaidi ya siku. Alijua na sababu, kwa kuwa sababu ilikuwa yeye mwenyewe, pamoja na chupa aliyoifukia nyuma ya choo chake.

Kijiji kizima kilikuja kumhukumu mtu huyu, na wapo wanaomhukumu mpaka leo wakiwa wamejikalia tu hawana la kufanya. Afadhali tujue kwanza alikotoka.

Thadeo alizaliwa Lumuma, mtoto wa nne wa mzee Oswald, mrina asali mwenye maneno machache na mizinga mingi. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne akaacha. Akili alikuwa nayo, lakini msimu wa asali na siku za mitihani viligongana kila mwaka, na kwa mzee Oswald mtihani ulikuwa asali. Alipomwoa Marselina, binti wa kijiji cha Ulaya, huko huko Kilosa, akahamia milimani juu ya kwao mke, baba yake hakumpa mbuzi wala shamba. Alimpa mizinga mitano na nyuki wake. Kufikia mwaka wa Uhuru ile mitano ilikuwa imezaa kumi na miwili. Kila mmoja ulikuwa gogo lililochongwa uwazi ndani, na ubavuni ulikatwa alama ya ukoo: mikato miwili na nukta. Ungemfunga Thadeo kitambaa machoni ukampitisha chini ya miti yake, angekuambia kwa mvumo tu huu ni mzinga upi na una asali kiasi gani. Marselina alizoea kusema kwamba mumewe ana wake kumi na watatu, na yeye ndiye mdogo.

Operesheni ya vijiji ya mwaka sabini na nne iliwateremsha bondeni, kwenye kijiji kipya upande wa Tindiga. Lori lilipofika kuchukua vyombo, Thadeo hakuwepo. Alikuwa ametangulia na mizinga, mmoja mmoja, kichwani, akaacha nyuma kitanda, vyungu na mke. Hilo Marselina hakumsamehe, na alikuwa na haki.

Mkutano wa kijiji ukaamua nyuki nao waingie Ujamaa. Mizinga ya watu wote, sitini kwa jumla, ilikusanywa ikawekwa juu ya nguzo, mstari mmoja ulionyooka, mlango kwa mlango, kama nyumba zao wenyewe zilivyopangwa. Mwenyekiti Onesphory, mtu mwadilifu asiyejua mzaha, alichukua panga akakwangua alama zote kwa mkono wake, kisha akaamuru mizinga ichanganywe ili pasiwe na mtu wa kusema huu wangu. Thadeo akachaguliwa mtunzaji. Alisimama akatoa hotuba nzuri, kwamba tangu siku ile hana mzinga hata mmoja ila ana sitini. Akapigiwa makofi. Maneno yale aliyatoa kwa moyo safi, na moyo ukakaa safi mpaka siku alipoogopa.

Aliogopa mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwaka sabini na sita. Alikuwa akichungulia mzinga, akaona vidudu vya rangi ya kutu, vidogo kama kichwa cha pini, vimepanda migongoni mwa nyuki. Akafungua wa pili, akavikuta. Wa kumi, vimo. Siku zile zile wasafiri wa basi walikuwa wameleta habari kwamba kijiji kimoja upande wa Mikumi kimeingiliwa na utitiri wa nyuki, na mizinga yake yote imetiwa moto kwa amri. Kama ni kweli au ni maneno ya safarini, hakuna aliyejua. Thadeo hakungoja kujua, wala hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, wanasema watu, lakini mwenye hofu husahau methali zote. Alikwenda kwa Tipis, mfugaji aliyekuwa rafiki yake kwenye mbuga za Tindiga, akaomba dawa ya josho, ile ya kuua kupe. Alidai ni ya mbuzi wake.

Tipis alimpa chupa moja. "Tia maji mengi, dawa kidogo," alimwambia. "Hii hata ng'ombe tunamwonea huruma."

Chupa moja haitoshi mizinga sitini. Ikambidi achague. Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, Thadeo alipita kwenye mstari na unyoya wa kuku, akapaka dawa kwenye matundu ya kuingilia na upande wa ndani wa vizibo. Alipaka mizinga kumi na miwili, dawa ikaisha. Jumatano nyuki wa mizinga hiyo wakaanza kutoka nje kwa miguu.

Onesphory alipowaona wakitambaa alituma mtu Kilosa, na Bwana Nyuki akaja kwa baiskeli. Jina lake Lupakisyo, kijana wa Rungwe, mwaka wake wa kwanza kazini, na viatu bado vilikuwa vinamchubua. Alimwamkia kila mzee shikamoo, mmoja mmoja, ndipo akaanza kazi. Kufikia saa tatu alikuwa amepita mstari mzima akiandika. Akatoa waraka mfukoni, akaukunjua.

"Ndugu Mwenyekiti, dalili ya kwanza ni nyuki kutambaa na mabawa kutanuka. Ya pili ni wadudu wekundu mwilini. Zote mbili ninazo hapa." Akaukunja waraka. "Huu ni utitiri. Mizinga inachomwa."

"Hiyo yenye kutambaa?"

"Yote sitini. Nyuki hutembeleana, na hii mizinga mmeipanga karibu mno. Ugonjwa ukiingia mmoja umeingia wote. Tutachoma leo jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi ndani."

Mzee Kondo, aliyekuwa ameleta mizinga minne kwenye ule mstari, alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Alikuwa amewatoa nyuki wale kwenye pango la mwamba akiwa kijana, na kovu la kuanguka kule lilikuwa bado gotini. "Hata wale wanaoruka vizuri, mjukuu wangu?" aliuliza. Onesphory akatuma watu wakate nyasi kavu, na mwingine akalete mafuta ya taa dukani.

Hapo ndipo wazo baya lilipomjia Thadeo, na halikubisha hodi. Akinyamaza, moto utakula kila kitu, na dawa, na unyoya, na aibu. Hakuna binadamu atakayejua. Atalia na wenzake, na watampa pole. Alilitazama wazo lile akaona linawezekana kabisa, akajichukia.

Lakini hakusema. Alitafuta njia ya kuwaokoa nyuki bila kujifichua yeye.

"Kijana wangu," alisema, "huo waraka hauna dalili ya tatu?"

"Unayo, mzee. Utitiri huu huzalia ndani ya masega, kwenye majana, watoto wa nyuki, yaliyokwisha kufunikwa. Hasa ya madume."

"Basi tuyafungue majana tuone, ndipo tuchome."

Lupakisyo alimtazama, akatazama jua, akakubali. Walitia moshi mzinga mmoja mzima na mmoja wenye kutambaa, wakakata masega, wakakaa nayo kivulini. Thadeo alivunja mwiba wa mgunga, akaanza kufungua vifuniko vya madume kimoja kimoja, akichomoa majana meupe yaliyokuwa yameanza kuota macho. Kijana aliyatazama kwa kioo chake cha kukuzia. Jana la kwanza safi. La kumi safi. Walifika hamsini, nyuki wakiwauma shingoni, hakuna aliyejikuna. Walifika mia moja na ishirini. Hapakuwa na mdudu ndani ya tundu hata moja.

"Sasa mshike mwenyewe huyo mwekundu," alisema Thadeo. "Hesabu miguu yake, tulinganishe na waraka."

Kijana alimbandua mdudu mgongoni mwa nyuki kwa ncha ya mwiba, akamlaza kwenye karatasi. Alihesabu kwa sauti, akarudia.

"Sita. Utitiri una minane, kama kupe."

Watu wakaguna kwa furaha. Ndipo sauti ikatoka nyuma yao. "Kupe naye akiwa mtoto ana miguu sita."

Alikuwa Tipis, amesimama na fimbo yake. Alikuja kutafuta asali ya sherehe ya mwanawe, akakuta watu wamejaa. Thadeo akarudi nyuma hatua moja. Tipis hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiwatazama nyuki wanaotambaa, na aliwatazama kwa muda mrefu mno.

"Ni kweli," alisema Lupakisyo kwa unyonge. "Mtoto wa utitiri pia ana sita."

Wakabandua wengine, wakubwa kwa wadogo, kutoka mizinga saba tofauti. Walikuwa thelathini na mmoja, na kila mmoja alikuwa na miguu sita. Kisha kijana aliinua kipande cha sega la asali, akalielekeza kwenye mwanga. Chini ya nta ya vifuniko palikuwa na mistari myembamba myeupe, imepinda huku na huku. Akaruka akasimama.

"Chawa! Hawa ni chawa wa nyuki! Mtoto wake ndiye huchimba mistari hii kwenye vifuniko vya asali, chuoni tulionyeshwa. Huyu anapanda mgongoni, akisikia njaa anashuka kula mdomoni mwa nyuki. Ni mwizi tu, haui mzinga. Unatandika kitambaa chenye mafuta chini ya masega, unapuliza moshi kidogo wa tumbaku, wanaanguka wananasa. Unakitoa kitambaa unakichoma. Asubuhi tatu, basi."

Vigelegele vikapigwa. Kondo aliinuka akacheka mdomo wazi. Thadeo alifumba macho, akadhani ameponyoka.

Lupakisyo hakuwa amecheka. Alikuwa ameinama tena mbele ya mzinga wa tatu.

"Chawa hawafanyi nyuki atambae," alisema. "Basi hawa wana nini?"

Vigelegele vikakatika.

"Upo utitiri mwingine," aliendelea. "Huo haukai mgongoni. Unaingia kwenye mirija ya hewa ya nyuki, huku ndani kifuani, jicho halioni na kioo hiki hakioni. Unahitaji hadubini, na hadubini iko mbali. Majibu yatarudi baada ya miezi. Nikiondoka hapa bila sababu, na ugonjwa ukafika Ulaya, ukapanda Lumuma, mimi ndiye nitakuwa nimeupeleka. Nipeni sababu nyingine ya kutambaa. Mmepuliza dawa ya pamba?"

"Mwezi wa kumi pamba iko wapi, ndugu?" alisema Onesphory. "Shambani kuna mabua."

Kijana alisogeza pua kwenye kizibo. "Kuna harufu hapa."

"Utomvu wa gogo," alisema Thadeo.

Uongo huo ulitoka wenyewe kabla hajauita, na ndio pekee aliousema siku ile. Tipis aliusikia. Aliwaacha watu wageuke, akamsogelea rafiki yake, akasema kwa sauti ya chini.

"Ile chupa ulisema ni ya mbuzi."

Thadeo aliinama, akaokota nyuki mmoja aliyekuwa akitambaa.

"Mimi ni mgeni hapa," alisema Tipis. "Sitasema neno kwenye boma la watu wengine. Mdomo ni wako." Akaenda kusimama mbali na watu, akaegemea fimbo.

Saa kumi na moja nyasi zilikuwa zimelundikwa chini ya mstari wote, na debe la mafuta ya taa limewekwa katikati. Lupakisyo alikuwa akizunguka mizinga kwa mara ya nne akitafuta sababu, kijana wa watu, shati limemganda mgongoni. Alikuwa hataki kuchoma, na hilo ndilo lililomtesa Thadeo zaidi. Angekuwa mkaidi ingekuwa rahisi kumlaumu yeye.

Kondo alikataa kusaidiwa. Alibeba nyasi za mizinga yake minne mwenyewe, akazipanga taratibu chini ya kila mmoja, akiinama na lile goti lake bovu. Aliijuaje kuwa ni yake, wakati alama zilishakwanguliwa? Aliijua tu, kama Thadeo alivyojua ya kwake. Nyuki wake waliokuwa wakirudi na chavua miguuni walimpita sikioni wakaingia ndani, wazima kabisa, wote wakiruka.

Thadeo aliona hayo, na uso ukamuungua. Nyuki wa Kondo hawakuwa na dawa hata tone. Walikuwa wanakwenda kufa ili yeye aendelee kuitwa mtunzaji mwema.

"Zima kibiriti," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amekiwasha. Sauti yake ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Si utitiri. Ni mimi. Niliwapaka dawa ya josho."

Watu wote wakamgeukia.

"Nilidhani vile vidudu ndio utitiri," aliendelea. "Niliogopa mtachoma. Nikapaka kwa unyoya, Jumapili ile. Chupa iko nyuma ya choo changu, nendeni mkaichimbue."

Lupakisyo alivuta pumzi kubwa, akaketi kwenye nyasi alizokuwa aziwashe. Uso ulimlegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mizinga mingapi, mzee?"

"Kumi na miwili."

Upande wa wanawake, Marselina aliinamisha kichwa akajifunika uso kwa kanga. Kwake idadi ilitosha.

"Tuonyeshe," alisema Onesphory.

Thadeo akatembea. Alishika wa tatu. Akapita minne asiiguse, akashika wa nane, akashika wa tisa. Mstari mzima ulikuwa magogo yaliyofanana, yamekwanguliwa ubavu mmoja, lakini yeye hakusita popote. Mbele ya kila mzinga alioushika, chini palikuwa na nyuki wanatambaa. Mbele ya mwingine wowote hapakuwa na hata mmoja. Alipofikia wa kumi na mbili, karibu na mwisho wa mstari, Onesphory alikuwa amemfuata hatua kwa hatua.

"Dawa haikutosha yote, hilo naelewa," alisema mwenyekiti. Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. "Lakini mtu mwenye dawa kidogo huanzia mwanzo wa mstari, au hutibu walioumwa zaidi. Wewe umeruka huku na huku. Kwa nini hii, Thadeo?"

Angeweza kusema alichagua ovyo. Alimtazama Kondo, aliyekuwa bado na nyasi mkononi.

"Kwa sababu ni yangu," alisema.

Minong'ono ikapita kwa watu. Ile hotuba yake waliikumbuka wote, hakuna aliyehitaji kuirudia. Kuharibu nyuki kwa ujinga wangemsamehe siku hiyo hiyo, maana nani hajawahi kukosea dawa. Lakini alikuwa ameona hatari inakuja kwa mizinga sitini, akanyamaza, akaenda kuokoa kumi na miwili. Dawa ile ingekuwa ya kweli, mizinga ya wenzake ingekufa na ya kwake ingebaki inavuma, na yeye angesimama pale akiwapa pole. Thadeo alilijua hilo kabla yao. Alilia, mtu mzima, mbele ya wakwe na watoto, wala hakuficha uso.

Lupakisyo alisema asali na nta ya mizinga ile zina sumu, kwa hiyo mtu asionje wala asichukue, na hiyo kumi na miwili lazima ichomwe. Nyasi zikaondolewa kwingine kote. Thadeo aliomba aishushe mwenyewe, akaruhusiwa. Aliibeba mmoja mmoja, kichwani, mpaka kwenye shimo, na nyuki wachache waliokuwa na nguvu bado walimuuma. Nyuki wa mzee Oswald waliishia hapo, uzao wote. Jua lilipozama asali ilikuwa ikitiririka motoni, na harufu yake ilikuwa tamu mpaka watu wakaondoka.

Kabla ya kupanda baiskeli yake, Bwana Nyuki aliuliza nani atatibu chawa wa ile arobaini na minane iliyobaki. Onesphory alitazama watu wake. Hakuna mkono ulioinuka. Wote walikuwa wakulima wa mahindi na pamba. Nyuki waliwapendea asali.

"Atafanya Thadeo," alisema mwishowe. "Kukusamehe sijakusamehe. Hatuna mwingine."

"Aanze na yangu," alisema Kondo. "Nami nitakuwepo."

Kesho yake alfajiri Thadeo alikwenda na tumbaku kavu na vitambaa vilivyopakwa mafuta. Kondo alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda pembeni ya mzinga wake wa kwanza. Thadeo alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, na maneno yakaishia hapo. Thadeo akatandika kitambaa, akawasha tumbaku, akapuliza moshi kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, akihesabu pumzi zake asizidishe. Chawa wakaanza kudondoka. Nyuki walivuma, wakatulia, na mapambazuko yalipokolea wakaanza kutoka na kuruka kuelekea mtoni.

Kondo hakuwatazama nyuki. Alitazama mikono ya Thadeo tangu mwanzo mpaka mwisho, na akaja kuitazama tena asubuhi ya pili, na ya tatu.